Kitabu cha patani za sweta cha elfu 60, wanunue au waache? Kisa cha kikundi kimoja cha Njombe

Hiki kisa ni cha kweli, wenyewe wameniruhusu kukiandika ila nimetoa majina, mtaa na jina la kitabu, na muuzaji pia simtaji. Nimekiandika kwa sababu karibu kila wiki mtu ananitumia picha ya jalada la kitabu cha kufuma na kuuliza "mwalimu, hiki kinafaa?", na mimi kwa jalada tu siwezi kumjibu, hakuna anayeweza. Kwahiyo naeleza kisa chote kilivyoenda, hesabu zikiwemo.

Hali ilivyokuwa

Kikundi ni cha akina mama sita, mkoa wa Njombe. Kule mwezi wa sita na wa saba baridi siyo mchezo, mtoto hatoki nyumbani bila sweta, na kazi ya kufuma ipo karibu mwaka mzima: sweta za shule, seti za watoto wachanga (kofia, sweta, soksi), mitandio ya wazee. Masweta mengi ya shule siku hizi yanatoka kwenye mashine, ila wa mkono bado wana wateja wao, hasa seti za watoto na zile sweta ambazo mzazi anataka rangi na mshono anaoupenda yeye.

Anayeongoza kikundi tumwite Mama Z. Ana mkono mzuri sana, kafundishwa na mama yake, na sindano anazotumia mpaka leo ni za alumini za mama yake, zimegongwa namba kichwani. Hiyo namba ikumbukeni maana nitairudia.

Shida yao ilikuwa moja. Walikuwa wanafuma kwa kichwa, yaani sweta ya mtoto wa miaka 3 wanaijua, ya miaka 6 wanakisia, ya miaka 10 ni bahati. Mteja akija na picha ya kwenye simu wanakwama. Wakaona dawa ni kitabu.

Kitabu cha kwanza na hasara yake

Kabla hawajanifuata walishanunua kitabu kimoja, elfu 35, picha nzuri mno. Mama Z akapata oda ya sweta 10 za watoto wa miaka 8, akachagua patani (maelekezo ya kufuma sweta moja, mstari kwa mstari) humo. Kitabu kinasema sindano namba 8, yeye anayo namba 8, akaanza kazi. Kafuma 3, mzazi mmoja akaja kumjaribishia mwanae, sweta haipiti kifuani.

Kilichotokea ni hiki. Kitabu kilikuwa cha Marekani, na namba 8 ya Marekani ni sindano ya milimita 5. Sindano za mama yake ni za namba za zamani za Uingereza, na namba 8 ya kule ni milimita 4. Hizo namba mbili zinaenda kinyume kabisa, za Marekani namba ikipanda sindano inanenepa, za zamani za Uingereza namba ikipanda sindano inakonda. Kitabu kilitegemea vitanzi 18 kwenye sentimita 10, upande wa mbele una vitanzi 68 (ukitoa vya pembeni vya kushonea), yaani kama sentimita 38, mzunguko 76. Yeye na uzi wake wa kati na sindano ya milimita 4 alikuwa anapata vitanzi 22 kwenye sentimita 10, kwahiyo vitanzi vilevile 68 vikampa sentimita 31 tu, mzunguko 62. Mtoto wa miaka 8 kifua chake chenyewe kinazunguka sentimita 65 hivi. Sweta imekuwa ndogo kuliko mwili!

Akafumua zote 3. Uzi wa akriliki ukifumuliwa unatoka umejikunja kama nywele zilizosukwa, inabidi uuoshe uutundike na kitu kizito chini ndo unyooke. Wiki tatu zimekwenda, na oda nusu ikahamia kwa mtu mwenye mashine.

Ndo maana alipoona kitabu cha pili alinipigia kwanza.

Kitabu cha pili kinakuja mezani

Muuzaji yuko Dar, anauza vitabu vya mtumba kwa simu. Kitabu cha jalada gumu, patani 52 za watoto, elfu 60 na nauli ya kifurushi cha basi elfu 5. Kikundi kina laki na arobaini kwenye mfuko wao, na hela hiyo hiyo ndo ya kununulia uzi wa msimu wa baridi. Kwahiyo wakikosea hapa wanaingia mwezi wa sita hawana uzi.

Mama Z akaniambia, "Mwalimu shikamoo, mimi nimekipenda lakini nimeshaungua mara moja, nisaidie kukiangalia." Nikamwambia marahaba, tukiangalie wote, ila usitume hela leo.

Tulimwomba muuzaji picha tano: ukurasa wa yaliyomo, ukurasa wa vifupisho, patani moja nzima kutoka katikati ya kitabu, ukurasa wowote wenye mchoro wa vipimo, na kurasa za mwisho kabisa. Akatuma jalada na picha tatu za watoto wamependeza. Tukaomba tena kwa upole, tukamweleza kwanini tunazitaka, baada ya siku mbili akazituma. Muuzaji wa mtumba mara nyingi hajui anachouza, siyo kwamba anaficha, ukimwelekeza ukurasa gani apige anapiga.

Tulivyoamua, hatua kwa hatua

Kwanza, kitabu ni cha wapi. Kwenye vifupisho na maelezo tukatafuta maneno mawili matatu. Kama kufunga vitanzi wameandika "cast off" na mshono laini wa kawaida wanauita "stocking stitch", hicho ni cha Uingereza. Wakiandika "bind off" na "stockinette" ni cha Marekani. Hiki kilikuwa cha Uingereza na bahati nzuri sindano kimezitaja kwa milimita, namba za zamani zimewekwa pembeni. Hapohapo nusu ya wasiwasi ikaisha. (Kwa wanaofuma kroshia hii ni muhimu zaidi, maana jina lilelile "double crochet" Uingereza ni mshono mfupi na Marekani ni mwingine mrefu zaidi yake, usipojua kitabu ni cha wapi kazi yote inatoka na urefu tofauti.)

Sindano zake za alumini nazo tulizipima. Hana kile kibao chenye matundu cha kupimia, kwahiyo nikamwambia chukua sindano 4 za namba moja, zilaze zikigusana kwenye rula. Zikitoka milimita 16 kila moja ni 4, zikitoka 20 kila moja ni 5. Zikatoka 16.

Pili tukaangalia uzi. Hapa ndo vitabu vingi vinaanguka kwetu. Kitabu kikitaka uzi wa moheya (manyoya laini ya mbuzi) au uzi mnene wa baridi ya theluji, hata kiwe kizuri vipi, Njombe mjini huo uzi hauupati, na ukiuagiza sweta ya mtoto inakuwa bei ya godoro. Uzi walionao wao ni akriliki ya unene wa kati, ule ambao Waingereza wanaandika DK. Kwenye ukurasa wa yaliyomo wameandika unene wa uzi wa kila patani, kwahiyo tukakaa na kalamu tukazihesabu moja moja:

Patani 19 zinataka uzi wasioupata. 11 ni za picha za wanyama za rangi nyingi, zinakula muda na wateja wao hawaziulizi. 8 ni za midoli na mablanketi. 5 wanazijua tayari kwa kichwa. Zikabaki 9.

Mama Z alinyamaza kidogo kwenye simu. Kitabu cha patani 52 kumbe kwake ni cha patani 9. Mimi naona hiyo ndo hesabu ya kwanza ya kufanya kabla hata ya kuuliza bei, na watu karibu wote hawaifanyi kwa sababu jalada limeandikwa 52 kwa herufi kubwa. Elfu 65 kugawa kwa 9 ni kama shilingi 7,200 kwa patani. Seti moja ya mtoto wanauza elfu 25, uzi wake kama elfu 8. Bado siyo mbaya, kama hizo 9 ni za kweli.

Tatu sasa, je patani zimekaguliwa? Hiki kipimo nakipenda kuliko vyote na hakihitaji sindano wala uzi, ni kujumlisha na kutoa. Patani tuliyotumiwa ilikuwa ya sweta yenye mikono inayopanda kwa mshazari mpaka shingoni. Upande wa nyuma vitanzi 85. Kwapani unafunga 4 kila upande, zinabaki 77. Halafu unapunguza kitanzi kimoja kila upande, kila baada ya mstari mmoja, mara 26, yaani unatoa 52, zinabaki 25. Kitabu kinasema 25. Tukahesabu na mkono wa sweta, nao hesabu yake ikakubali. Tukachukua kile kitabu cha kwanza tukafanya vilevile: mkono unaanza na vitanzi 36, unaongeza kimoja kila upande mara 9, maana yake ufike 54, kitabu kimeandika 52. Vitanzi viwili vinaonekana vidogo ila fundi mgeni anafumua mara tatu akidhani kosa ni lake, anajiona hajui kazi kumbe kitabu ndo hakikuhaririwa. Hilo linaniuma sana, nimeona watu wakiacha kufuma kwa sababu ya kitabu kibovu.

Nne, vipimo. Kitabu cha kwanza kiliandika "miaka 7 hadi 8" basi, hakuna sentimita. Hiki kina mchoro mdogo wa sweta iliyolazwa, na kila upande una sentimita zake kwa saizi 6, kuanzia mchanga mpaka miaka 10, na kimetenganisha kifua cha mtoto na upana wa sweta yenyewe ikishakamilika. Hiyo tofauti ndo nafasi ya mtoto kupumua na kuvaa shati ndani. Kwa sweta ya shule inayovaliwa juu ya shati bila hiyo namba unakisia tena, na kukisia ndo kulikowafikisha hapa.

Tano, kitabu kizima kipo? Tukamwomba apige video akifungua kurasa haraka haraka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kurasa zote zipo, ila mwishoni kuna mfuko wa karatasi na ndani ni mtupu. Ile ni sehemu ya karatasi kubwa ya michoro ya rangi, kwenye vitabu vya mtumba ndo ya kwanza kupotea. Tukarudi kwenye orodha yetu, michoro hiyo ilihusu zile patani 11 za wanyama ambazo tulishazitoa. Haituumizi, ila bei inashuka kwa haki kabisa. Mama Z akampa muuzaji hoja hiyo, wakakubaliana elfu 48 na nauli elfu 5, hela ikatumwa kwa simu.

Njia nyingine tulizozikataa na kwanini

Muuzaji huyohuyo alisema ana kitabu hicho kwa njia ya picha za simu, elfu 5 tu. Ndani ya kikundi wawili walitaka hiyo, na sikuwalaumu, elfu 5 na elfu 53 siyo sawa. Ila tulikataa. Kwanza ni nakala ya wizi, Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na aliyekaa miezi akibuni na kujaribu patani naye ni fundi kama sisi. Pili kwenye picha ile namba za saizi zilikuwa hazisomeki, na patani ambayo husomi kama ni 85 au 86 haina kazi.

Nyingine ni intaneti. Ravelry, tovuti ya wafumaji, ipo tangu 2007, unafungua akaunti bure na zipo patani nyingi sana za bure, makampuni ya uzi pia yanatoa za kwao. Na faida yake kubwa ni kwamba unaona picha za watu wa kawaida waliofuma patani hiyohiyo, siyo mtoto wa studio tu, na wengine wanaandika wamekwama mstari wa ngapi. Mimi binafsi ningeanzia huko. Ila kati ya wale sita wawili tu wana simu janja, bando ni hela, na patani za bure ubora wake unapishana mno. Tukasema intaneti iwe ya kuchungulia, kitabu kiwe cha kufanyia kazi.

Matokeo baada ya miezi mitano

Kati ya patani 9 wametumia 4. Ile sweta ya mikono ya mshazari wameuza 17, seti za mtoto 6. Hela ya kitabu ilirudi ndani ya mwezi wa kwanza na nusu. Oda ya miaka 10 wameipokea bila woga kwa mara ya kwanza, wakapima mtoto, wakatafuta sentimita zake kwenye mchoro, ikaingia vizuri.

Sampuli, yaani kipande kidogo cha kujaribia unachofuma na kukipima kabla ya kuanza sweta, nayo iliokoa kazi. Kitabu kinataka vitanzi 22 na mistari 28 kwa sentimita 10 kwa sindano ya milimita 4. Mama Z ana mkono wa kubana, sampuli yake ikatoa 24. Angeanza hivohivo, vitanzi 85 vingempa sentimita 35 badala ya 38 na nusu, na historia ingejirudia. Akapanda sindano ya milimita 4 na nusu, 22 ikakaa. Mwenzake mwenye mkono mlegevu anatumia 4 ileile na anapata sawa. Kitabu kimoja, uzi mmoja, sindano mbili tofauti, sweta zinalingana.

Nilivyoona: kilichofaa na kilichotuangusha

Kilichofaa zaidi ni kuhesabu patani za kweli na kukagua vitanzi kwa kalamu kabla ya kutuma hela. Vyote viwili vinafanyika kwa picha tano za simu. Mchoro wa vipimo nao umewapa zaidi ya nilivyotegemea, maana sasa mteja akija na picha hawatafuti patani inayofanana, wanachukua sentimita za kwenye mchoro, wanazidisha na vitanzi vyao vya sampuli, wanaanza. Sentimita 40 kwa vitanzi 22 kila sentimita 10 ni vitanzi 88, basi. Kwahiyo zile patani 9 kwa kweli zimezaa nyingine ambazo hazimo kitabuni.

Kosa kubwa lilikuwa la kwangu na nalisema wazi. Kwenye zile 9 mimi niliweka 3 za sweta za vifungo mbele nikiamini zitauzika. Hazijauzika hata moja. Wazazi wa shule wanataka ya kuvaa kwa kupitishia kichwani, shingo ya V, na ya aina hiyo kitabu kina moja tu. Sikuwauliza wateja, niliuliza macho yangu. Ningewaambia akina mama wapite kwanza kwa wazazi watano na shule mbili, hesabu ingetoka 6, siyo 9, na bei tuliyolipa ingekuwa kama 8,800 kwa patani. Labda bado tungenunua, kwa ajili ya mchoro wa vipimo, ila tungeshusha bei zaidi.

La pili ni lugha. Wawili hawasomi Kiingereza na nilidhani watazoea. Hawakuzoea, wakawa wanategemea kusomewa na kazi ikalala. Mama Z ndo aliyepata ufumbuzi: daftari la kikundi, ukurasa wa kwanza vifupisho vyote kwa Kiswahili. "k2tog" kaandika fuma vitanzi viwili kwa pamoja, "sl" hamisha kitanzi bila kufuma, "tbl" fuma kwa kupitia nyuma ya kitanzi. Kurasa zilizobaki ni za kila mtu kuandika sweta anayofuma, ya saizi gani, yuko mstari wa ngapi. Ndani ya wiki mbili wale wawili wakawa wanasoma patani wenyewe, kwa sababu patani siyo Kiingereza cha kuongea, ni vifupisho kama 20 vinavyojirudia. Nilitakiwa kulifikiria hili tangu siku ya kwanza, kwamba gharama ya kitabu ni pamoja na muda wa kukifungua kwa kila atakayekitumia.

La tatu dogo, kitabu kilikaa nyumbani kwa Mama Z na wengine wanaona aibu kukifuata kila jioni. Sasa kinazunguka, kila mtu siku nne.

Na kile kitabu cha kwanza cha elfu 35 hawajakitupa. Patani zake siziamini, ila nyuma kina sehemu ya mishono ya mapambo kama ishirini na kitu, na mshono wa pambo haujali sindano ya wapi, ukijua unajirudia kila vitanzi 6 au 8 unauingiza kwenye kofia yoyote. Wiki iliyopita Mama Z kanitumia picha ya kofia ya mtoto, kiwiliwili kimetoka kitabu cha pili na pambo la nyaya zilizosokotana limetoka cha kwanza, vitanzi 96, pambo la vitanzi 8 limeingia mara 12 bila kubaki hata kimoja. Mteja kaagiza nyingine tatu.